Ufunguo wa Rangi Tatu

Mradi ule haukuwa na jina kubwa. Watu wa Kitale waliuita tu mradi wa udongo, na ofisi yake ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la agrovet, hivi kwamba harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na kila mgeni. Chumba cha ndani kilikuwa cha mkuu wa mradi, Zachary Ngige, mstaafu wa kilimo serikalini, mtu wa Saboti ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Nyeri baada ya Uhuru. Chumba cha nje walikaa wanawake wawili: Dinah, aliyeingiza data kwenye kompyuta, na Nabwile Wakoli, aliyeichambua.

Nabwile alizaliwa Naitiri. Alisomea hesabu chuoni, akafundisha miaka michache katika shule ya upili, kisha akaacha ualimu akaja Kitale kwa mshahara usiozidi ule wa kwanza. Watu walipomuuliza kwa nini, alisema alitaka hesabu zenye matope.

Hesabu za mradi zilikuwa na matope ya kutosha. Mwanzoni mwa mwaka wa 2004, wakulima mia mbili na zaidi kutoka sehemu tatu, yaani Saboti, Naitiri na Cheptais, walikubali kutia samadi kwenye mahindi yao, kila mmoja kadiri alivyoweza. Wakati wa mavuno, watu wa mradi walizunguka na mizani shamba kwa shamba. Swali lilikuwa moja: je, mbolea ya ng'ombe inarudisha nguvu ya udongo uliochoka? Ikiwa ndiyo, wafadhili wangeendelea na awamu ya pili, kufundisha watu kutengeneza mbolea nzuri na kuwasaidia kuipata. Ikiwa siyo, ofisi ingefungwa, na agrovet wangepata stoo ya ziada.

Dinah alipomaliza kuingiza data, Nabwile alifungua programu aliyoletewa kwenye CD na rafiki aliyesoma naye chuoni. Programu yenyewe iliitwa R, basi.

"Jina ni hiyo tu?" Dinah aliuliza siku ya kwanza. "Kama herufi ya mlango wa choo cha stesheni."

Haikuwa na vitufe vizuri vya kubonyeza. Ilikuwa ukurasa mtupu na alama moja ikisubiri uandike amri. Ukikosea koma, inakukaripia kwa maandishi mekundu. Nabwile alijifundisha kwa kitabu cha fotokopi, akikosea na kurudia, hadi wakazoeana.

Asubuhi ile aliandika amri ya kuchora. Upande wa chini, kutoka kushoto kwenda kulia, ziliwekwa wilbaro za samadi kwa ekari. Upande wa kusimama, kutoka chini kwenda juu, yaliwekwa magunia ya mahindi. Kila mkulima akawa nukta moja nyeusi. Mchoro ulitokea mara moja kwenye skrini, na Nabwile akauangalia moyo ukimshuka.

Lilikuwa wingu la nzi. Nukta zilitapakaa kila mahali, hazina kichwa wala mkia. Alipoiambia kompyuta ipitishe mstari katikati yake, mstari haukupanda. Ulishuka kidogo, kutoka kushoto kwenda kulia.

Bwana Ngige alitoka chumba cha ndani, akainama nyuma ya kiti chake.

"Kwa hivyo mtu akiongeza mbolea anapata mahindi kidogo?" aliuliza.

"Ndivyo mstari unasema, Mzee. Lakini mimi siuamini."

"Kwa nini?"

Nabwile alikumbuka shamba la nyumbani. Mama yake mwenyewe, Nakhungu, alikuwa mmoja wa wale wakulima. Alikuwa amebeba samadi kichwani msimu mzima, na mahindi yake yalisimama marefu kupita mlango. "Nimeyaona mahindi," alisema.

Bwana Ngige alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Hakuwa mtu mkali, ila alikuwa na jambo moja ambalo wafanyakazi wote walilijua: hakutia sahihi kitu ambacho hakukikagua kwa macho yake.

"Mimi pia nimeyaona," alisema. "Lakini siwezi kuandika kile natamani, Nabwile. Naandika kile kiko. Ripoti inaenda Ijumaa."

Akarudi ndani.

Siku iliyofuata stima ilipotea tangu asubuhi hadi baada ya chakula cha mchana. Nabwile alikaa mbele ya skrini nyeusi akifikiria nzi wake. Aliwafikiria watu wa Cheptais, huko kwenye miteremko ambako mvua imekuwa ikichukua udongo wa juu mwaka baada ya mwaka. Wale ndio walitia samadi nyingi kuliko wote, kwa sababu bila hiyo hawakupata kitu. Watu wa Saboti, wenye udongo mweusi unaonata kwenye jembe, walitia kidogo tu, kwa heshima ya mradi, na bado walivuna vizuri. Naitiri ilikuwa katikati. Ni sawa na kwenda hospitali, alijiambia, ukaona kwamba wanaomeza dawa nyingi ndio wagonjwa zaidi, halafu ukasema dawa ndiyo inawaumiza.

Stima iliporudi alikuwa tayari ameandika amri kwenye karatasi. Alitaka kila nukta ipewe rangi ya mahali ilikotoka. R ilikuwa na rangi nyingi ajabu, zaidi ya mia sita, kila moja na jina lake, na Nabwile alizipitia zote kama mtu aliyeingia duka la vitambaa siku ya soko. Mwishowe alichagua rangi zilizomkumbusha shamba: kijani cha msitu kwa Saboti, kahawia kwa Naitiri, na nyekundu ya tofali kwa Cheptais. Akabonyeza.

Alijikuta amesimama. Hakujua kwa nini amesimama.

Nzi walikuwa wameondoka. Lile wingu moja lilikuwa mafungu matatu, yamelala sambamba kama matuta kwenye shamba la mteremko. Lile la kijani lilikuwa juu upande wa kushoto, la kahawia katikati, lile jekundu chini upande wa kulia. Na kila moja, peke yake, lilipanda. Palipokuwa na samadi kidogo nukta zilikuwa chini, palipokuwa na nyingi zilikuwa juu, Saboti vilevile, Naitiri vilevile, Cheptais zaidi ya wote. Hakuna nambari hata moja iliyobadilishwa. Nukta hazikusogea hata upana wa unywele. Zilikuwa palepale zilipokuwa jana, na jana hakuona kitu.

"Dinah," aliita kwa sauti ndogo. "Dinah, hebu kuja."

Dinah alikuja na kikombe chake cha chai. Alitazama, akakiweka kikombe chini polepole, juu ya data zilizochapishwa.

"Wewe! Hii ni zile tu za jana?"

"Ni zile zile."

"Zilikuwa zimejificha wapi?"

"Hazikuwa zimejificha. Zilikuwa hapo tu."

Wakatazama pamoja, wanawake wawili na skrini moja nzito yenye vumbi. Mwishowe Dinah akauliza swali la maana. "Sasa mtu akiangalia atajuaje? Hii ya juu ni akina nani? Wewe unajua kwa sababu wewe ndio umepaka."

Ilikuwa kweli. Mchoro ulihitaji ufunguo, kama ule wa pembeni mwa ramani ya darasa la tano, unaokuambia mstari wa bluu ni mto na msalaba ni kanisa. Amri yake iliitwa legend. Nabwile aliandika majina ya mahali alivyozoea kuyataja, Saboti kwanza, na kisanduku kidogo kikatokea kwenye kona, nukta tatu za rangi na jina mbele ya kila moja.

Dinah aliyasoma, akatikisa kichwa. "Hapana. Eti hawa wa juu ni Cheptais, na Saboti ndio wako chini? Mimi ndio nimeingiza hizo magunia. Saboti hawajawahi kuwa chini."

Nabwile alitazama tena. Kompyuta ilikuwa imezipanga sehemu kwa alfabeti, Cheptais ikatangulia, naye alikuwa ameyapanga majina kwa mazoea. Nukta zilikuwa na rangi sahihi, ila ufunguo ulidanganya, na ulidanganya kwa mwandiko safi kabisa. Alifuta majina aliyoyaandika kwa mkono, akaiagiza R isome majina yenyewe kutoka kwenye data. Sasa kila rangi ilikuwa na mwenyewe.

"Mzee!" Dinah aliita kabla Nabwile hajamzuia. "Kuja uone maajabu!"

Bwana Ngige alitoka akiwa na kalamu ya ripoti mkononi. Wanawake wakampisha. Aliinama, akatazama skrini, akasogea karibu, akarudi nyuma. Walikuwa wanamwangalia uso, wakingoja ubadilike kama nyuso zao zilivyobadilika.

Haukubadilika.

"Nini?" alisema. "Naona zile zile za jana."

Dinah alicheka, akidhani ni mzaha. "Mzee, si unaona mafungu?"

"Mafungu gani?"

"Kijani ni Saboti," Nabwile alieleza akigusa kioo kwa kidole. "Hii ya kahawia ni sisi, Naitiri. Nyekundu ni Cheptais. Zote zinapanda."

Bwana Ngige alifuata kidole chake. Kisha akajinyoosha, na sauti yake ikawa ya ofisini. "Nabwile, mimi najua unataka mradi uendelee. Hata mimi nataka, na mama yako yuko ndani yake. Lakini usinionyeshe kwa kidole mahali hakuna kitu. Siwezi kutia sahihi kitu sikioni."

Maneno yalimchoma. Kwa kipindi chote alichofanya kazi pale hakuwahi kubadilisha hata nambari moja, na sasa alikuwa anaitwa mwongo, kwa upole, mbele ya mwenzake. Alifungua mdomo ajibu, lakini Dinah alimtangulia. Dinah hakuwa amekasirika. Alikuwa anamtazama mzee kwa makini, kama anayejaribu kusikia sauti ya mbali.

"Mzee, samahani. Kwenye kile kisanduku cha kona. Hizo nukta tatu. Ni rangi gani?"

"Si ni hizo za udongo tu. Amerudia rangi moja mara tatu."

Chini, mwenye agrovet alikuwa anabishana na mteja kuhusu bei ya chanjo ya kuku.

Nabwile aliketi. Aliandika tena amri ya ufunguo, akiuambia uwe mkubwa, nukta ziwe kubwa kama vifuniko vya soda. Zikatokea tatu, nyekundu, kahawia, kijani, moja juu ya nyingine, haziwezi kuchanganywa.

"Mzee," alisema, na hasira yote ilikuwa imemtoka. "Hii ya juu na hii ya chini. Ziko sawa?"

Bwana Ngige alitazama kwa muda mrefu. Alifunga jicho moja, kisha la pili. "Hii labda imeiva kidogo," alisema hatimaye, akionyesha ile ya kijani. "Lakini ni rangi moja." Akawageukia. Aliona nyuso zao. "Si rangi moja?"

"Hapana, Mzee," Nabwile alijibu. "Hiyo unaita imeiva ni kijani, kama majani. Ile nyingine ni nyekundu, kama tofali."

Bwana Ngige akavuta kiti cha wageni, akakaa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, baba wa watoto wakubwa, aliyeendesha magari ya serikali kote Rift Valley akitazama ni taa ya juu au ya chini iliyowaka. Akaanza kusimulia, macho yake yakiwa bado kwenye skrini.

"Kule Nyeri tulikuwa na kahawa. Sisi watoto tulikuwa tunachuma. Unachuma ile imeiva, nyekundu, ile ya kijani unaacha. Kila mtu anasema hivyo, nyekundu na kijani, nami nasema hivyo. Mimi nilikuwa nachagua kwa kufinya. Ile laini natoa. Lakini ukifinya kila moja unachelewa, kwa hivyo nikawa nachuma tu. Nikifika nyumbani Mama anamwaga kikapu chini, nusu ni mbichi. Anauliza, Zachary, huoni? Nasema naona. Ananichapa. Kesho ni hivyo tena." Akapapasa kalamu yake. "Dada yangu Nyaruai alikuwa mdogo kwangu na kikapu chake kilikuwa safi. Mimi nilifikiri wote wanafinya haraka kuniliko. Miaka hiyo yote, nilifikiri ni mikono yangu ndio mizito."

Dinah alikuwa ameshika mdomo.

"Mama alikufa akijua mimi ni mvivu," Bwana Ngige alisema.

Nabwile alifanya kitu alichojua. Aliigeukia kompyuta. Rangi aliziacha, lakini aliongeza amri moja fupi: kila sehemu iwe pia na umbo lake. Cheptais ikawa duara, Naitiri pembetatu, Saboti msalaba. Akaongeza maumbo hayo hayo kwenye ufunguo, kila moja mbele ya jina lake. Akabonyeza, akasogeza kiti chake kando ili mzee aone.

Bwana Ngige hakusogea mwanzoni. Kisha akainuka nusu, mkono mmoja ukishika meza.

"Ngoja," alisema. "Ngoja, ngoja."

Akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya kioo, ambacho kilitoa mlio mdogo wa umeme. Alifuata misalaba kutoka chini kwenda juu. Akafuata pembetatu. Alipofika kwenye maduara ya Cheptais, yaliyopanda kwa kasi kuliko yote, kidole chake kilipunguza mwendo kama gari linalopanda mlima.

"Yalikuwa hapa?" aliuliza. "Wakati nasema hakuna kitu, haya yote yalikuwa hapa?"

"Yalikuwa hapo, Mzee."

"Na nyinyi mlikuwa mnayaona."

"Hata sisi jana hatukuyaona," Nabwile alisema.

Mzee alitazama hadi skrini ikazimika yenyewe kwa kukaa bila kuguswa, na alipomwomba Nabwile aiwashe tena aliomba kama mtu anayeomba maji. Alikagua kila kitu kwa macho yake, umbo kwa umbo, akilinganisha na karatasi za mizani. Ripoti ilienda Ijumaa ikiwa na mchoro ule kwenye ukurasa wa mbele, na sahihi yake chini.

Wafadhili walikubali awamu ya pili, kwa sharti kwamba wakulima wenyewe waonyeshwe matokeo kwanza. Mkutano ukapangwa Bungoma, katika ukumbi wa kanisa. Siku hiyo Nabwile alipanda pikapu ya mradi pamoja na Bwana Ngige, projekta ya kuazima imefungwa kwa blanketi miguuni pake. Walikuwa wamepita Kiminini bila mazungumzo mengi wakati mzee alipozungumza.

"Jumapili nilienda kwa Nyaruai. Nikamwambia ile maneno ya macho."

"Akasemaje?"

"Alilia. Kumbe kuna kitu sikujua." Alibadilisha gia, akapunguza mwendo kupisha mkokoteni. "Anasema Mama akishanichapa, na mimi nikienda kuchunga mbuzi, alikuwa anakaa chini na kile kikapu anachambua, anatoa mbichi zote moja moja. Ndio Baba akija asione. Alikuwa anafanya hivyo kila siku, na akamkataza Nyaruai kuniambia."

Nabwile alitazama barabara. Mashamba pande zote mbili yalikuwa yamelimwa tayari kwa mvua, wekundu kwa wekundu. Alijaribu kuyaona kwa macho ya mtu aliye kando yake, akashindwa, na kule kushindwa kulimpa heshima ya ajabu kwa watu wote waliowahi kusema wanaona kitu wasichokiona.

Ukumbi ulikuwa umejaa walipofika. Watu wa Cheptais walikuwa wamekuja kwa lori, watu wa Naitiri na Saboti kwa njia zao. Madirisha yalifunikwa kwa mablanketi, na shuka nyeupe ikatundikwa ukutani. Projekta ilipowashwa na nukta zikatokea, kubwa kama shilingi, kukawa na mnong'ono ukumbi mzima.

Kabla Nabwile hajaanza, Bwana Ngige alisimama mbele.

"Wazazi na ndugu zangu," alisema. "Hii picha ina rangi tatu. Mimi nazionaga moja. Nimezaliwa hivyo, na nimejua juzi. Kama kuna mwingine hapa hivyo, asione haya. Aangalie umbo, si rangi. Ufunguo uko kona ile."

Watu wakatazamana. Halafu kwenye mistari ya Naitiri mkono mmoja ukainuka polepole, wa mzee aliyeitwa Wepukhulu, kofia mapajani. "Hata mimi," alisema. "Mimi nilifikiri wananichekanga tu." Mke wake alimgeukia ghafla, akamshika mkono, hakuuachilia tena.

Nabwile alieleza kwa lugha nyepesi. Huku ni mbolea, huku ni magunia, kila alama ni shamba la mtu mmoja aliye humu ndani. Watu wakaanza kusimama bila kuruhusiwa, wakisogelea shuka.

Aliyefika mbele wa kwanza alikuwa mama yake.

"Hebu ngoja kwanza," Nakhungu alisema kwa sauti ya jikoni kwake. "Langi yetu ni gani?"

"Kahawia, mayi. Pembetatu."

"Na mimi niko wapi?"

R ilikuwa na amri ya hilo pia. Ukibonyeza nukta, inakuandikia nambari ya mkulima. Nabwile aliitafuta nambari ya mama yake, akajaribu nukta moja, ya pili, mpaka nambari ikatokea kando ya pembetatu iliyokaa vizuri upande wa juu wa kundi lake. Nakhungu alipanda kwenye benchi. Akaiwekea mkono, na alama ikaangukia kwenye ngozi yake, pembetatu ndogo ya kahawia juu ya kucha. Akaupindua mkono, akaitazama ikitembea kwenye kiganja.

"Ni mimi hii," aliwaambia waliokuwa nyuma yake. Hakuna aliyecheka. Wakapanga foleni.

Hapo ndipo mtu wa Cheptais alipopaza sauti. Jina lake Kibiwott, mkulima mwenye ng'ombe wengi, koti la manyoya ya kondoo begani.

"Mimi naona kitu moja tu," alisema. "Sisi ndio wa chini. Mmetuleta huku Bungoma kutuonyesha sisi ndio wa mwisho?"

Nabwile alikuwa ameliogopa swali hilo. Alichukua ufito wa kuelekezea.

"Mko chini kwa sababu udongo wenu umechoka kuliko wa wengine, na hilo mnalijua kuniliko. Lakini usiangalie mahali mnasimama peke yake. Angalia mnavyopanda. Saboti wakiongeza wilbaro, wanapanda kidogo. Naitiri kidogo. Nyinyi mkiongeza, ona." Akafuata maduara kwa ufito, na ufito ukainuka hadi mkono wake ukanyooka wote. "Hakuna udongo katika picha hii yote unaorudisha shukrani kama wenu."

Kibiwott alisogea karibu. Alitazama muda mrefu, kichwa upande. Halafu akaonyesha duara moja lililokuwa juu kabisa ya mengine yote ya Cheptais, peke yake, limefika hadi katikati ya pembetatu za Naitiri.

"Na huyu? Huyu ni nani amepotea na kuingia kwa wengine?"

Nabwile alibonyeza. Nambari ikatokea. Akaitafuta kwenye orodha, lakini kabla hajaipata mtu alisema kutoka nyuma ya ukumbi.

"Hiyo nambari ni yangu."

Watu wote waligeuka. Alikuwa mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, mtoto amelala mgongoni.

"Emmy?" Kibiwott alisema. "Wewe? Wewe huna hata ng'ombe."

"Sina," Emmy alikubali.

"Sasa hiyo mbolea yote ulitoa wapi?"

Emmy alirekebisha mtoto mgongoni. Ilionekana hakuzoea kutazamwa na watu wengi hivyo. "Siku za soko mnapitishanga ng'ombe barabarani kwangu," alisema. "Mkishapita, mimi naenda na karai. Naokota. Naweka kwa shimo, nafunika na majani mpaka ioze. Nilianza kabla ya mradi. Watu walikuwa wananiona."

"Mimi nilikuona," Kibiwott alisema polepole. "Nilifikiri unatafuta kitu imekupotea."

Bwana Ngige alikuwa amesimama kando ya shuka, mikono nyuma, akitazama lile duara moja juu, kisha mwanamke aliyekuwa nyuma, kisha duara tena, kama mtu asiyeamini kwamba vitu viwili vile ni kimoja. Kibiwott alivua koti lake. Akapita katikati ya mabenchi hadi nyuma, watu wakimpisha, akampa Emmy mkono, akauinamia kidogo kama anavyosalimiwa mkubwa.

"Hilo shimo," alisema, "unaweza kutuonyesha?"

Awamu ya pili ya mradi ilianza Cheptais, kabla ya mvua, nyumbani kwa Emmy.